Gari ya Kumlaza Mama Rukia

Magogo ya mgunga bado yamelala uani kwa Dereva, na hakuna mtu aliyethubutu kuyapasua kuni. Ndiyo yaliyokuwa yanabeba nyuma ya gari yake kila alipoivua magurudumu. Mgeni akipita huuliza hayo ni ya nini, na mimi ndiye naulizwa, kwa sababu ua wangu na wake ni mmoja, miiba upande huu na mabati upande ule. Basi wacha niseme yote kwa pamoja. Mkichoka nendeni mkanywe chai, mkirudi mtanikuta bado naendelea.

Sitasema alizaliwa wapi, wala babu yake aliletwa Isiolo na vita gani. Hayo jamaa zake wanayajua, na wakikosea husahihishana kwenye harusi. Mimi namjua kuanzia miguu. Mara ya kwanza nilimwona miguu tu, viatu vya raba vimetokeza chini ya lori, na sauti inatoka huko ndani inasema, "Wewe uliyesimama, lete spana." Sikujua spana ni ipi, nikampa nyundo. Akaitumia. Kuanzia hapo nikawa taniboi wake, wa kupakia, kuweka mawe kwenye gurudumu na kulala juu ya mizigo, na taniboi nimebaki kwake hata leo ambapo wajukuu wangu wananyoa ndevu. Yeye naye hakuwa na jina lingine. Mkewe alimwita Dereva. Imamu akimwombea dua alisema Dereva. Nilimsikia hata karani wa hospitali akiita, "Dereva, ingia," na madereva wa teksi waliokuwa pale nje hakuna aliyesimama. Walijua ni nani anaitwa.

Lori aliliuza mgongo wake ulipoanza kulalamika, akabaki na Landrova ndefu ya turubai nyuma. Wakati wa ukame alikuwa anapelekea watu wa Kipsing maji kwa mapipa, na gari ikajaa hata nyuma ikakaa chini kama fisi. Yeye hakupenda kuona hivyo. Akatafuta springi za lori lililokufa, zile bledi, vyuma bapa vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine, akaziongeza chini ya zile za Landrova. Gari ikasimama. Ilisimama hata ikakataa kabisa kuinama. Ikiwa na mapipa inakwenda kwa heshima. Ikiwa tupu inaruka kama mbuzi aliyenusa chui, na wewe uliye nyuma unaona mbingu zaidi kuliko unavyoona barabara.

Haikuwa neno mpaka Mama Rukia, mkewe, alipoteleza jikoni akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza vizuri, akapona kiasi cha kutembea kwa fimbo. Lakini kukaa kwenye kiti cha gari kwa safari, hapana, mguu unawaka moto. Ni lazima alale. Na Mama Rukia ni mtoto wa Korbesa, kule Merti, siku nzima ya kokoto na mchanga na laga. Laga ni mito yetu sisi watu wa huku, mchanga mtupu, maji yanapita siku yakikumbuka. Huko Korbesa yuko dada yake mkubwa, yule aliyembeba mgongoni mama yao akienda kisimani, na sasa ni mzee ambaye hawezi kusafiri kwenda popote. Walikuwa wanaongea kwa simu. Mtandao wa kule nao ni kama mvua ya kule. Ukikatika, Mama Rukia hubaki ameshika simu hivi sikioni, hasemi, anangoja. Nimemwona mara nyingi. Dereva naye alimwona. Ndiyo maana gari ikapanda kwenye magogo, na ikawa ni ya kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka kuku wakazoea kutaga chini yake.

Mtauliza kwa nini hakupeleka gereji. Gereji Isiolo zimejaa, na mafundi wengi wa mji huu walijifunza kwake, yaani kwa kutukanwa naye. Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, "Nikimpa mtu springi hizi, nimempa mgongo wa mke wangu aushike."

Lakini ngoja niwaambie habari ya lugha zake, kwa sababu bila hiyo hamtamsikia. Yeye alimsemesha Mungu kwa Kiarabu, mke kwa Kiborana, sisi kwa Kiswahili, na gari kwa Kisomali. Kiingereza alikiweka kwa matusi tu, alifunzwa na mzungu mmoja wa kambi ya wageni ambaye gari yake ilizama mchangani. Kwa hiyo bolti ikikataa kufunguka uani, sisi majirani tulijua imekataa kiasi gani. Kisomali cha upole, bado kuna matumaini. Kiingereza, ondoa watoto.

Alikuwa na maneno yake. "Mlima unapandwa na gia, sio na hasira." Hilo alimwambia kila kijana aliyekuwa anaoa. "Usiulize barabara iko aje, uliza kama aliyepita jana amefika." Na lami aliichukia. Lami ilipofika mpaka Moyale, watu wote walichinja na kupiga vigelegele, yeye akasema sasa madereva wamekuwa watu wa kupiga nguo pasi. Siku ya kwanza kuipita alishuka, akaigusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa, akarudi ndani. Tukaenda mpaka mji wa Archer's. Hapo ndipo aliniambia, "Taniboi, hii imeua kazi yako na yangu, lakini mama mjamzito ataipenda." Huyo ndiye Dereva. Anakasirika, halafu anakumbuka mtu.

Sukari alikuwa mchoyo nayo, nisiwafiche. Kwake chai inaletwa tamu tayari na kopo la sukari linafichwa nyuma ya Kurani, ambapo alijua hakuna mgeni atakayethubutu kupekua. Lakini huyo huyo alivua tairi yake nzuri ya akiba akampa mtu wa Kinna aliyepasukiwa tairi akiwa na mzigo wa nyanya, mtu ambaye hakumjua hata ukoo. Tukarudi mji bila akiba, mimi nikiomba kwa Yesu na yeye kwa njia yake. Na simba hakuogopa, aliwahi kumpigia honi simba aliyelala barabarani kama anampigia ng'ombe wa jirani. Sindano aliogopa. Nesi alimfukuza mpaka langoni.

Sasa kazi yenyewe. Kila siku baada ya sala ya alasiri alijilaza chini ya gari, anafungua zile yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu mawili ya nyuma, anazitoa bledi moja moja, anazisugua kutu, anazipaka grisi kama mtu anampaka mtoto mafuta. Anatoa bledi moja ya lori, anarudisha. Anatoa mbili, anajaribu. Akakata vipande vya raba kutoka tairi kuukuu akaviweka katikati ya bledi ili zisisagane. Kisha anafunga, anashusha gari kutoka kwenye magogo, halafu inakuja ile shughuli ambayo mtaa mzima uliisubiri: anaita watu wapande.

Ndiyo, watu. Alisema gari ni ya kubeba mtu, basi ipimwe kwa watu, mawe hayana nyonga. Tunapanda nyuma, tunakaa, tunaletewa chai, naye anaingia chini anapima kwa ngumi yake nafasi iliyobaki kati ya ekseli na ule mpira unaozuia chuma kugonga chuma. "Ngumi na vidole viwili," anaita kutoka chini. "Mmoja ashuke. Sio wewe, Pasta."

Dereva alimpenda sana Pasta kwa sababu ya uzito. Huyu ni mchungaji wa kanisa la mabati nyuma yetu, mtu mnene wa furaha. Walikuwa wanaamkiana kwa kupishana. Pasta akifika anasema salaam aleikum, Dereva anajibu habari ya asubuhi, Pasta, hata kama ni jioni, kila mmoja anajitahidi kwa lugha ya mwenzake. Na siku moja uzito haukutosha, Dereva akamwomba wanakwaya.

Hiyo siku mtaa hautaisahau. Kina mama wa kwaya walitoka mazoezini na sare zao, wakapanda nyuma ya Landrova wakajipanga, sauti ya kwanza upande wa dirisha, sauti ya pili kwa mlango. Kina mama wakikaa pamoja hawawezi kunyamaza. Wakaanza kuimba, na wakiimba wanayumba, na wakiyumba springi zinalia nyii, nyii, kwa mdundo. Dereva yuko chini na tochi. Mama Rukia amelala kibarazani kwenye mkeka wake, anacheka hata anashika nyonga. Kutoka chini ikatoka sauti: "Akina mama, imbeni polepole, hapa chini naona mambo." Wakacheka wote pamoja, gari ikashuka ghafla na viatu vyake vya raba vikarusha mateke. Alipotoka alikuwa na grisi mpaka kwenye kofia. Akasema kwa utulivu kwamba kwaya ni nzuri, lakini msafara wa Korbesa hautakuwa na kwaya.

Shida ilikuwa hapa, na hatukuiona. Kila mara alituuliza, "Iko laini?" Na sisi tunasema laini. Hatukusema uongo. Mimi nililala miaka juu ya magunia ya simiti. Pasta aliingia Isiolo mara ya kwanza juu ya lori la ng'ombe, amekaa kwenye chuma pamoja na makondoo, na anasimulia kama baraka. Wale kina mama wanatoka sokoni Meru juu ya viazi. Kwetu sisi kitu ambacho hakijakutupa nje ni laini. Alikuwa anapima kwa mizani zilizovunjika, maskini.

Kwa hiyo siku moja akatangaza imekuwa tayari. Alikuwa ametoa bledi zote za lori, zimebaki zile za Landrova peke yake, na hizo zimechoka. Ukibonyeza nyuma kwa mkono inapanda na kushuka kama kitanda. Tukamweka Mama Rukia kwenye godoro, kichwa kwa mlango wa nyuma, tukampeleka nje kidogo ya mji kwa barabara ya murami, isiyo na lami, kujaribu. Nilikaa naye nyuma. Mwanzo ilikuwa raha kweli, akaanza hata kunionyesha mawingu kwenye upenyo wa turubai. Halafu tukaingia kwenye laga ndogo. Nyuma ikazama, ikazama, ikafika mwisho, chuma kikagonga chuma, twa. Mama Rukia hakupiga kelele. Alinishika mkono tu, na kucha zake zikaingia.

Tulirudi pole pole. Tulipomshusha uani hakutaka kuingia ndani. Aliegemea fimbo akamwangalia mumewe, na akaongea Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Dereva, wewe umewahi kulala hapa nyuma?"

"Mimi ni dereva."

"Nimeuliza kama umewahi."

Akafuta mikono kwa kitambaa. Mikono ilikuwa safi.

"Unanijengea nyumba," Mama Rukia akasema, "na hujawahi kuingia ndani. Basi mwambie dada yangu asinisubiri tena. Mimi nitaongea naye kwa simu hivyo hivyo."

Akaingia na fimbo yake. Wiki hiyo gari haikupanda kwenye magogo. Dereva alikaa kwenye kiti, anaitazama. Nilipita na salamu zangu za kila siku, hakunijibu kwa lugha yoyote.

Sasa lazima mjue kitu kimoja. Usukani wa Dereva haukuguswa na mtu. Mimi leseni niliipata zamani, nimeendesha magari ya serikali na ya kanisa, lakini ya kwake sijawahi hata kuiegesha kwenye kivuli. Aliwahi kuendesha kutoka Marsabit na homa ya malaria, meno yanagongana, mimi nimekaa kando na leseni yangu mfukoni. Alisema nikimwona amekufa ndiyo nishike, na hata hapo nibishe hodi kwanza.

Kwa hivyo asubuhi aliyokuja langoni kwangu na kunyoosha ufunguo, nilifikiri anataka nimshikie afunge kiatu.

"Endesha," akasema. "Barabara ya Kipsing. Usinihurumie."

Akapanda nyuma, akalala kwenye lile godoro, kichwa pale pale kilipokuwa cha Mama Rukia, akavuta kofia. Nikawasha. Mtaani watu walisimama kutazama. Muuza miraa alinifuata hatua kadhaa akiuliza Dereva amefariki lini.

Sikumhurumia. Nilipita kwenye kokoto kama tulivyopita enzi zile, nikaingia laga, nikatoka laga. Nyuma nilisikia Kisomali, kisha Kiarabu kingi, kisha Kiingereza mpaka kikaisha. Halafu kimya, na kimya ndicho kilichonitisha. Nikasimama chini ya mgunga, nikazunguka nyuma. Alikuwa amekaa, kofia haipo, vumbi limemfanya mzungu, anashika kiuno kwa mikono miwili.

"Taniboi," akasema. "Mlikuwa mnaishi hivi huku nyuma?"

"Ndiyo, Dereva."

"Miaka yote hiyo. Na hamkusema."

"Tulisema. Ulikuwa mbele, injini inapiga kelele."

Kisha akacheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka mbuzi waliokuwa wanakula maganda hapo wakahama. Halafu akaniambia kichwa kinaumia zaidi kuliko miguu. Kwa nini kichwa? Akalala tena, akageuka, miguu kwa mlango wa nyuma na kichwa karibu na kiti cha dereva. Akaniambia nirudie laga ile ile. Akasogea tena mbele, tukarudia. Jua likafika kichwani tukiwa bado tunapita kwenye laga moja kama watu waliopoteza kitu.

Aliporudi hakwenda kwenye gari, alikwenda kibarazani, akajishusha chini kando ya mkeka wa mkewe, akamweleza kwa Kiborana. Nilielewa vizuri. Alisema kwamba kule nyuma ya ekseli ndiko kunakotupa, na mtu akilala mbele ya ekseli, katikati ya gari, anatulia. Mama Rukia akamwangalia kwa huruma.

"Hata ngamia," akasema, "mgonjwa anawekwa kwenye nundu. Nani anamweka kwa mkia?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri dereva anajua gari yake."

Basi kazi ikaanza upya, na mara hii alikuwa na furaha kama bwana harusi. Gurudumu la akiba lililokuwa limekaa ndani, nyuma ya kiti cha dereva, likahamishwa nyuma kabisa, godoro likachukua nafasi yake. Alirudisha bledi moja tu ya lori, lakini aliikata fupi, akainyoosha kwa nyundo na moto, akaiweka chini kabisa ili isiguse zile za juu. Gari ikienda barabara ya kawaida, springi za Landrova zinacheza peke yake, laini. Ikizama kwenye laga ndipo zinaikuta ile bledi inangoja chini, inazipokea, na chuma hakigongi chuma. Mitungi ya maji akaifunga kwa mlango wa nyuma ili gari isiruke kwa wepesi. Hakuita mtu kupima. Kila alichobadilisha, alinipa ufunguo, akaenda kulala mwenyewe. Pasta alikuja kuuliza kama amemkosea. Akaambiwa hapana, kilo zake bado zinaheshimiwa.

Tuliondoka Isiolo alfajiri baada ya sala. Nilidhani siku ya safari yenyewe atashika usukani, nikaenda kukaa upande wangu wa taniboi. Akanifukuza. Yeye alipanda nyuma, akakaa chini kando ya godoro, mgongo kwenye mtungi, mkono kwenye bega la mkewe. Aliniambia nikisikia anagonga mara moja nipunguze, mara mbili nisimame.

Sehemu za mwanzo aligonga sana. Kila tuta, kila kokoto, alikuwa anasikia kwa mkono ule kabla Mama Rukia hajasema. Huko mbele kugonga kukapungua. Tulikula Merti, Mama Rukia akanywa chai akiwa amelala, akaniambia mimi naendesha vizuri kuliko watu fulani. Dereva akatazama pembeni. Baada ya hapo ni mchanga mrefu na zile laga za Korbesa, na nilikuwa na hofu nazo. Niliingia ya kwanza kama mtu anaingia kanisani amechelewa. Gari ikazama, ikapokelewa, ikapanda. Sikusikia kitu. Nikasubiri kugongewa. Ya pili pia. Nikaanza kuogopa kwamba wamedondoka.

Korbesa watu walikuwa wamekwisha kusikia tunakuja. Dada yake alikuwa nje ya nyumba, mwembamba, ameshikwa na wajukuu huku na huku, shali jipya kichwani. Nilizima injini. Watoto wakakimbilia nyuma wakipiga kelele, na Dereva akatoa kichwa kwenye turubai, kidole mdomoni.

"Amelala," akasema. "Mtu asimwamshe."

Nyuma ya gari ile, kwenye barabara ile, Mama Rukia alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, fimbo yake imemkalia tumboni. Dereva hakumgusa. Alishuka pole pole, akamwamkia shemeji yake kwa heshima, akamwonyesha kwa mkono. Yule dada mzee aliwaambia wajukuu wampandishe. Ilikuwa kazi, walimbeba kama yai. Akaketi kwenye godoro, akaweka shali chini, akalala kando ya mdogo wake, uso kwa uso, akamshika mkono.

Sisi tulikaa kwenye kivuli cha gari. Watoto waliambiwa wakanyamazishe ng'ombe. Kivuli kikahama, nasi tukahama nacho.

Halafu tukasikia sauti ya Mama Rukia kutoka ndani, ya usingizi, yenye ukali wake wa kila siku. "Mbona mmesimama? Dereva, endesha, tutachelewa kwa dada."

Na sauti nyingine, nzee kuliko yake, ikamjibu kwa Kiborana, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni: "Lala, mdogo wangu. Dada mwenyewe ndiye huyu umemshika mkono."